Goti Likianza Kuuma: Tutembee au Tukae?

Suruali ndiyo iliyoleta maneno. Nilimpelekea shangazi yangu, mshonaji wa siku nyingi hapa Ngamiani, Tanga, aitoe kiunoni kwa kuwa nimenenepa. Akaniambia niivae nisimame mbele ya cherehani. Akakamata kitambaa cha paja la kulia kwa vidole viwili, akaachia. Akakamata cha paja la kushoto, kikavutika kama cha mtu mwingine. Akavua futi shingoni akanipa. "Hebu jizungushie mwenyewe, kiganja kimoja juu ya goti. Nisomee." Kulia, sentimita 51. Kushoto, 48.

Goti linaloniuma ni hilo la kushoto. Lilianza nilipokuwa na miaka 54. Nikiamka lilikaza kwa dakika kama kumi kisha likaachia. Ngazi za kupanda nilizimudu, za kushuka zilinichoma. Nikishuka basi la Dar es Salaam hatua za mwanzo nilichechemea, baadaye nikatembea kama kawaida. Picha ya eksirei ilionyesha nafasi kati ya mifupa imeanza kupungua upande wa ndani. Daktari niliyemwona aliitazama dirishani akasema goti limeisha, nipunguze kutembea. Mimi niliyekuwa nikienda Raskazone kwa miguu kila alfajiri, nikawa mtu wa bajaji. Miezi minane. Ndani ya miezi hiyo nikaongeza kilo 6, na paja, kumbe, likasinyaa.

Jioni ile nilibaki barazani kwa shangazi mpaka Magharibi. Alikuwapo Mwalimu, jirani yetu aliyestaafu kufundisha hesabu, na bintiye jirani wa pili ambaye ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mtaani tunamwita Fizio. Baadaye akapita dada mmoja mwenye asili ya Lushoto anayeuza mboga. Waliyoyasema nayaandika kwa kuyafupisha tu. Maoni yangu nimeyachanganya humo humo, maana siwezi kujifanya sina upande katika jambo la mguu wangu mwenyewe.

SHANGAZI: Mimi daktari simlaumu. Kiungo kikiuma hupumzishwa. Cherehani ikianza kulia vyuma huikanyagi, unaisimamisha kwanza. Goti langu la kulia limeisha mafuta kwa kukanyaga hii hapa miaka 38, na kila mtu anajua. Nakunywa supu ya kongoro, nakula bamia, na siku nikizidiwa nanunua vidonge dukani.

FIZIO: Bibi, cherehani haina uhai, ndiyo maana unaitilia mafuta kwa kopo. Goti linajitengenezea ute wake lenyewe. Ukila paja la kuku, ile ncha nyeupe nyororo ya mfupa ndiyo gegedu. Na wewe unayo gotini. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake kimo kwenye ule ute, nayo huupata kwa kubanwa na kuachiwa: unakanyaga, inaminywa kama sifongo, unainua mguu, inavuta. Mguu ukikaa mchana kutwa bila kwenda, gegedu haipati chakula inavyopaswa. Kongoro kunywa tu, ni chakula kizuri, lakini likifika tumboni linameng'enywa kama nyama nyingine. Hakuna mrija unaotoka tumboni kwenda gotini.

SHANGAZI: Kwa hiyo mafuta hayajaisha?

FIZIO: Hayajaisha. Gegedu imepungua na imekwaruzika, na mfupa wa jirani umeanza kubadilika. Huo ndio ugonjwa wenyewe, osteoathraitisi. Lakini goti lako bado ni goti.

Hapa sina budi kusema jambo. Kati ya vyote vilivyonikalisha chini miezi ile minane, kikubwa kuliko maumivu kilikuwa lile neno "limeisha". Tunalo na jingine, "limesagika". Mtu akishaambiwa hivyo, goti lake linakuwa kama kipande cha sabuni: kila hatua imepunguza kidogo, basi bora akibakize. Nilikuwa nahesabu hatua za kutoka kitandani hadi msalani nikijihurumia. Hakuna aliyenieleza kwamba nyama ya mbele ya paja ndiyo inayopokea kishindo kabla hakijafika kwenye mfupa, na kwamba kila wiki ya kukaa nilikuwa naiondoa kinga hiyo mwenyewe. Ilibidi nielezwe na futi ya mshonaji. Wanaotupima na kutupiga picha wakichagua maneno yao kwa uangalifu, watakuwa wametoa nusu ya dawa kabla hata ya kushika kalamu.

MWALIMU: Maneno ya sifongo ni mazuri, lakini mimi nataka hesabu. Nani amethibitisha kwamba mwenye goti bovu akitembea linatulia?

MWANDISHI: Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 1,212 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wote wana ugonjwa huu wa goti. Katika wale ambao mwanzoni hawakuwa na maumivu ya mara kwa mara, waliokuwa wakitembea kama zoezi waliopata maumivu hayo baadaye ni asilimia 26. Wasiotembea, asilimia 37.

MWALIMU: Hiyo ina tundu. Huenda waliotembea walitembea kwa sababu magoti yao yalikuwa mazima zaidi. Umechukua matokeo ukayaita chanzo.

Mwalimu alifundisha miaka mingi, na swali lake ni la haki. Nilishindwa kulijibu. Fizio ndiye aliyelipokea.

FIZIO: Kweli, Mwalimu, utafiti wa kufuatilia tu hauwezi kuliziba tundu hilo. Lakini kuna mwingine wa 1997, nao wa Marekani. Watu 439 wa miaka 60 na zaidi, wenye magoti haya haya, waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza walitembea dakika 40 mara tatu kwa wiki. La pili walifanya mazoezi ya kukaza misuli kwa vyuma. La tatu walipewa elimu ya afya tu. Kura haijui goti la nani ni zima. Baada ya miezi 18, maumivu ya waliotembea yalikuwa chini kwa asilimia 12 kuliko ya waliopewa elimu tu. Wa vyuma nao walipata nafuu, ndogo kidogo.

MWALIMU: Asilimia 12 si muujiza.

FIZIO: Si muujiza. Na picha za eksirei hazikuonyesha kwamba magoti yao yameharibika zaidi kuliko ya wenzao. Hilo ndilo ninalowaambia wagonjwa kwanza, maana ndilo wanaloliogopa.

MWALIMU: Nilitaka kukusanya fedha nikasafishwe goti kwa kile kimrija cha kamera.

FIZIO: Mwaka 2002 huko Houston waliwapa wagonjwa 180 upasuaji huo, wengine wa kweli, wengine wakachanjwa ngozi tu wakashonwa bila wao kujua. Miaka miwili baadaye hali zao zilikuwa sawa. Fedha yako iweke, Mwalimu. Goti lililonasa kabisa, lisilokunjika wala kunyooka, hilo ni jambo jingine, nenda likaonwe.

Ilikuwa wakati huo ndipo akafika dada wa mboga. Alitua kapu kwa namna ambayo sikuwahi kuitazama kabla: alipiga goti moja polepole, mkono mmoja ukutani, akang'ata mdomo, kisha kapu likateremka kutoka kichwani hadi sakafuni bila karoti hata moja kudondoka. Alikaa akiunyoosha mguu. Alikuwa amesikia ya mwisho.

DADA WA MBOGA: Samahanini wakubwa zangu. Mnasema kutembea kama vile ni kitu ambacho mtu anakwenda kukitafuta. Mimi nimeshuka milima ya kwetu na mzigo kichwani tangu udogoni, kuni, maji, kabichi. Hapa mjini natembea toka alfajiri mpaka adhuhuri mtaa kwa mtaa. Magoti yangu yote mawili yanauma. Kama kutembea ni dawa, mbona mimi sijapona?

Hakuna aliyejibu upesi, na nashukuru kwamba Fizio hakukimbilia jibu. Mimi ningesema upumbavu.

FIZIO: Mama, umesema kweli, na sisi wa hospitali huwa hatuisemi. Hao waliopimwa huko Marekani walitembea mikono mitupu, mahali tambarare, na zamu ikiisha walirudi kukaa. Goti la mtu anayetembea tu hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake kila anapokanyaga. Wewe unaongeza kapu. Mteremko unaongeza tena, maana paja linafanya kazi ya kuzuia mwili usiporomoke. Kisha ukifika sokoni unachuchumaa. Na siku goti likivimba huna ruhusa ya kupumzika.

DADA WA MBOGA: Basi yenu ni mazoezi, yangu ni kazi.

FIZIO: Ndiyo. Zoezi lina kipimo, unaweza kuliongeza na kulipunguza. Kazi haikuulizi.

MWALIMU: Basi ushauri wako umfae nani? Mwenye pensheni?

FIZIO: Umfae kila mtu, lakini kwa milango tofauti. Mjomba huyu anahitaji kuongeza hatua. Mama huyu hatua anazo nyingi mno, anahitaji kupunguziwa mzigo. Kapu moja akiligawa safari mbili, au likipanda baiskeli yeye akatembea kando. Meza ya kuuzia badala ya kuchuchumaa. Na viatu: nionyeshe kandambili zako, mama. Umeona kisigino kilivyolika upande mmoja? Kila hatua unakanyaga mshazari.

DADA WA MBOGA: Baiskeli ya kukodi inakula faida. Safari mbili ni saa mbili. Ndizi ninazowapa watoto asubuhi zimo humo humo.

Hilo halikupata jibu barazani na silipatii jibu hapa. Nalitaja kwa sababu kila ninaposoma ushauri wa kutembea naona umeandikiwa mtu kama mimi, mwenye saa moja ya kuamua aitumie vipi. Wanawake wa milimani na wa sokoni ambao magoti yao yamebeba nyumba nzima wanaambiwa wafanye mazoezi, wakati wanachohitaji ni mtu wa kushika upande wa pili wa kapu. Daktari akimuuliza mgonjwa "unatembea kiasi gani" bila kumuuliza "umebeba nini", ameuliza nusu.

SHANGAZI: Haya, na mimi nisiyebeba kitu ila kukanyaga cherehani?

FIZIO: Simama, bibi. Kaa. Simama tena bila kushika mkono wa kiti. Mwendo wa polepole, hasa unapokaa.

Shangazi alisimama mara nane. Ya tisa akashika kiti. Fizio alimwambia nane hizo ndizo kipimo chake, azifanye asubuhi na jioni, na wiki mbili zijazo ajaribu kumi. Ndilo zoezi la kulirudishia paja nyama yake, halihitaji chuma wala fedha. Kisha akauliza kuhusu vidonge vya dukani, na shangazi akataja jina la diklofenaki. Fizio alikaa wima.

FIZIO: Bibi, wewe una presha. Dawa za aina hiyo huipandisha, huchoma tumbo na kuzielemea figo. Kwa goti, ya kupaka ndiyo huanza, kwa sababu kidogo sana inaingia kwenye damu. Usinywe tena kabla ya kumuuliza daktari wako wa presha.

SHANGAZI: Na sala? Kuinuka kutoka sijida ndiko kunakoniua.

FIZIO: Kukunja goti si sumu. Siku nzuri weka kimto kwenye mswala, inuka kwa kutanguliza mguu mzima huku mkono uko pajani. Siku limevimba, dini imemruhusu mgonjwa kusali amekaa, usijilazimishe. Na ngazi: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza unaouma. Bakora ukiitumia, ishike mkono wa upande wa pili wa goti linalouma. Wengi wanaishika upande ule ule, haiwasaidii.

Niliporudi kwenye swali langu, maana bado nilikuwa naogopa, nilimuuliza maumivu yakija njiani nifanyeje. Hili nataka kila mwenye goti lililoanza kuuma alisikie, kwa sababu hapa ndipo tunaposhindwa: tunaanza kwa ari, tunaumia siku ya tatu, tunaapa hatutarudia.

FIZIO: Yapime kwa kumi. Sifuri hakuna kitu, kumi huwezi kuvumilia. Mpaka tano ukiwa njiani ni sawa, mradi kesho wakati kama huo yawe yamerudi yalipokuwa. Yasiporudi, hukufanya dhambi. Ulizidisha tu, punguza dakika. Usianze na Raskazone. Anza na dakika kumi za mahali tambarare, mara mbili kwa siku, wiki nzima. Kisha ongeza dakika mbili tatu.

MWANDISHI: Mpaka lini? Simu za siku hizi zinataka hatua 10,000.

FIZIO: Goti lako halihitaji 10,000. Mwaka 2014 walitoa matokeo ya watu 1,788 wenye ugonjwa huu au walio karibu kuupata. Waliwavalisha vipima hatua, wakawafuata miaka miwili. Mpaka uliowatenga waliokuja kushindwa na kazi zao za kila siku na wasioshindwa ulikuwa karibu hatua 6,000. Hizo ni za siku nzima, pamoja na za kwenda dukani na msikitini.

MWALIMU: Na zile kilo zake sita?

Nilijua Mwalimu hatazisahau. Upo utafiti wa mwaka 2005 uliopima watu wazima wanene wenye ugonjwa huu: kwa kila kilo moja mtu aliyopunguza, goti lake lilipunguziwa mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Mwalimu alizidisha papo hapo kwa sauti, sita kwa nne, kisha akaanza kuzidisha na hatua 6,000, shangazi akamwambia inatosha, mtu ameshaelewa. Nilielewa. Wali wa usiku niliozoea kuongezewa mara ya pili nimeuacha tangu siku ile, na hilo limekuwa gumu kwangu kuliko kutembea.

Fizio alitaja pia ya kutochezea, na alitaja kwa haraka kwa kuwa adhana ilikuwa imekaribia. Goti lililovimba ghafla likawa la moto, hasa pamoja na homa, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo. Linalouma usiku kucha hata ukiwa umelala, au linalokaza asubuhi zaidi ya nusu saa, huenda si hili tunalolizungumza; linaweza kuwa jongo au yabisi ya aina nyingine yenye dawa yake. Na wakati mwingine goti linauma kumbe ubovu uko kwenye nyonga, kwa hiyo anayekupima akikugeuza-geuza paja usimwone hajui alikoitwa.

SHANGAZI: Na suruali hii? Nikupunguzie paja la kushoto ikae sawa?

Alikuwa ameshika chaki. Alizungusha kitambaa kidogo, akaniangalia, akairudisha chaki mezani.

SHANGAZI: Silipunguzi. Kiuno nitakutolea, paja la kushoto naliacha na upana wake. Mwezi wa tatu kutoka leo uje tulipime tena.

Dada wa mboga alikuwa bado na mitaa miwili ya kupita kabla giza halijaingia. Alipoanza kuinama kulichukua kapu, Mwalimu aliitoa baiskeli yake ukumbini. Tuliliweka kapu kwenye keria ya nyuma, tukalifunga kwa mpira wa tairi kuukuu, mimi nikashika usukani, yeye akatembea kando yangu mikono mitupu. Alisema hajui aiweke wapi. Tulitoka Barabara ya 12 kwa mwendo wa kawaida tukizungumza bei ya karoti. Tulipokaribia Barabara ya 9 goti langu likafika nne, nikamwambia. Yeye akasema lake liko sita tangu asubuhi. Tukapunguza mwendo.